Kitabu Kikubwa cha Hanus

Sauti ya Hanus ilikuwa ya kulaza watu. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana ni mume wangu, na hakuna aliyelala mbele ya sauti hiyo kuliko mimi. Akishaanza kusoma, sindano zangu za kufuma zilipunguza mwendo, ukungu ukaingia chumbani hata kama nje kulikuwa na jua, na kabla hajafika sehemu ya pili ya mahubiri mimi nilikuwa sipo tena. Macho wazi, mikono juu ya sweta, lakini sipo. Nilikuwa natembea mahali fulani ndani ya sauti yake, mahali penye joto, na kila nilipozinduka nilimkuta bado anasoma. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kusikia mahubiri hadi mwisho. Na kanisani wenzangu wa upande wa wanawake walikuwa hivyo hivyo, wameketi wima na kuota.

Alikuwa msomaji wa kanisa la Hamravík, kijiji chetu. Mchungaji wetu ana makanisa mengi na anakaa ng'ambo ya maji, kwa hiyo kwetu huja kwa nadra, bahari ikimruhusu. Jumapili nyingine zote msomaji ndiye anayesimama mbele na kutusomea mahubiri kutoka kitabuni. Hapandi mimbarini. Husimama chini, karibu na madhabahu, na koti lake la kawaida, na haongezi neno lake hata moja. Akitaka kukohoa akohoe, lakini maneno yake mwenyewe ayaache mlangoni pamoja na viatu vya tope.

Kitabu tulikiita Kitabu Kikubwa, kwa sababu ni kikubwa. Kina jalada jeusi na kifungo cha shaba, na kila Jumapili ya mwaka ina mahubiri yake humo. Aliyeyaandika ni mchungaji mmoja Mdenishi aliyefariki kabla babu yake Hanus hajazaliwa. Visiwa vyetu hakuviona hata kwa mbali, na hilo linajulikana wazi, maana kila baada ya kurasa chache anataka tupumzike chini ya kivuli cha mti. Kwetu hakuna miti. Kitabu chote ni cha Kidenishi, lugha ambayo kwa wazee wetu ilikuwa ya Mungu na ya watu wa kodi. Jikoni tulisema lugha yetu.

Hanus hakuruka hata mstari. Nakumbuka Jumapili moja nyasi zetu zilikuwa zimetandazwa zikauke, na wingu limekaa juu ya mlima limenuna. Wanaume wakajinyonganyonga kwenye mabenchi yao, wakakohoa, wakatazama dirisha. Hanus alisoma mpaka amina. Tulipotoka mvua ilikuwa imeshakula nyasi zote.

"Si ungeruka ukurasa mmoja tu, jamani?" nikamwambia njiani, nimelowa mpaka mifupa.

"Aliyeandika hakuruka kuandika."

"Hakuwa na nyasi za kuanika huyo!"

Hanus hakuwa mtu wa maneno. Kitabuni alitamka kila siku habari za upendo, faraja na roho inayopaa, lakini akishakifunga kile kifungo cha shaba yalibaki maneno ya hali ya hewa, kondoo na viazi. Na jina langu. Hilo alilipaza kwa nguvu kutoka kwenye banda la zana, lile neno moja likashuka mteremko mpaka jikoni:

"Elspa!"

"Sijafa!" nilimjibu kila mara.

Kisha aliniuliza nyundo iko wapi, na nyundo anayo mkononi. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, kama mtu anataka kuyaita hivyo. Wakati ule sikuyaita chochote.

Majira ya kuchipua mwaka huu alianguka kwenye matuta ya viazi. Kiharusi. Alikaa hospitali huko Tórshavn, mji wetu mkuu, akarudi anatembea na fimbo, mkono wa kulia umelegea, na mdomoni hamna kitu. Alinitazama kwa macho yale yale, akafungua midomo, na hakuna kilichotoka. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani ya jirani. Usingizi ulinihama. Nilikuwa nalala chali kwenye ule mwanga wetu wa usiku wa kiangazi usiotaka kuzimika, nikisikiliza mtu akinyamaza.

Jioni moja nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua Kitabu Kikubwa. Sitaki kusema uongo, haikuwa ibada. Nilichotaka ni kelele za aina ile. Nikaanza kusoma kwa Kidenishi changu cha kubabaisha, nikajikwaa kwenye mstari wa tatu, na nyuma yangu sauti ikauchukua ule mstari na kuumalizia.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka itakatika. Hanus akaendelea mstari wa pili, wa tatu, ukurasa mzima, kitabu nimekishika mimi na yeye amekaa kwenye kochi hata haoni maandishi. Ile sauti ya ukungu, haijapungua wala kuongezeka. Nilitaka kulia, nilitaka kukimbia kwa jirani, lakini kilichotokea ni kwamba nililala. Palepale kitini, usingizi wa kwanza wa kweli tangu aanguke.

Asubuhi nikamuuliza kama anataka kahawa. Akafikiri, akahangaika, jasho likamtoka, kisha akasema kwa Kidenishi cha kanisani:

"Na nafsi iliyochoka haitaondoka kisimani ikiwa na kiu."

"Na maziwa?"

"Kwa kipimo, wapendwa katika Bwana. Kwa kipimo."

Muuguzi aliyekuja kumtazama alinieleza vizuri. Alisema maneno ambayo mtu anayatunga mwenyewe yamewekwa kabati moja, na yale aliyoyasoma mpaka yakamwingia damuni yamewekwa kabati lingine. Ugonjwa ulichoma kabati la kwanza. "La pili limejaa, mama," akaniambia. "Mtumie hilo hilo."

Tukalitumia. Kiangazi hicho kilipita kama ndoto ya mchana, unajua unaota na huamki. Nilimkaangia chapati za maji, akila ya tatu alisema, "Mwili hushiba, lakini tamaa hubisha hodi tena," nami nikaweka ya nne. Akitaka kutoka nje alisimama mlangoni na kutangaza, "Tumefika sasa, wapendwa, kwenye sehemu ya pili." Kondoo walipotupita karibu na ukuta ndani ya ukungu, miguu tu inaonekana, aliinua fimbo na kuwaambia wasiogope vivuli vya dunia hii. Nao hawakuogopa. Malan, jirani yangu, alikuja siku moja na habari za mke wa fulani na mume wa fulani, amezibeba moto moto. Hanus akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole:

"Hapa mhubiri hunyamaza."

Malan alicheka mpaka akamwaga kahawa. Hanus naye akacheka, kile kicheko chake cha puani. Nikaona kumbe yumo ndani humo, mzima, anachagua maneno kama mtu anayechagua samaki kwenye ndoo ya mwenzake.

Lakini mimi aliniita "wapendwa katika Bwana". Kila wakati. Asubuhi wapendwa, jioni wapendwa. Mimi ni mmoja, jamani. Nilikuwa nimegeuka kanisa zima na bado hakuna wa kuniita.

"Wangu mimi akifungua mdomo ananitukana," Malan aliniambia tukiwa tunang'oa mabua machachu ya rabarbara nyuma ya nyumba. "Wako akitaka chumvi anakubariki. Unalilia nini?"

"Nalilia jina langu."

"Jina? Nitakuita mimi. Elspa! Elspa! Elspa! Umeshiba?"

"Sauti yako kama ya shakwe, shoga. Nyamaza."

Alinyamaza, kwa Malan ni jambo kubwa. Kisha akaniwekea mkono begani, na mikono yetu yote imejaa udongo.

Mchungaji Mikkjal alikuja mara bahari ilipotulia. Ni kijana, amezaliwa Tórshavn na kusomea Kopenhagen, na moyo wake ni mzuri kuliko viatu vyake, ambavyo havifai matope yetu. Alileta mfuko wa vitabu, akavipanga mezani kimoja kimoja. Hiki ni cha kusoma asubuhi, ukurasa mmoja kwa siku. Hiki ni cha wagonjwa na wanaowauguza. Hiki kinafuata Injili sura kwa sura, na maswali ya kujiuliza pembeni. Vyote kwa lugha yetu ya jikoni.

"Nimefikiri sana kuhusu Hanus," akasema. "Kile kitabu cha zamani kinamfunga, Elspa. Ni lugha ya watu wengine. Msomee kwa lugha yake mwenyewe, taratibu, na maneno yake yatarudi. Mimi ningependekeza mwanze na hiki cha wagonjwa."

Niliona ana hoja. Niliviamini vile vitabu, nami ninaviamini hata leo. Kile cha asubuhi nakisoma na kinanifaa, na maswali yake ya pembeni yamenikosesha raha mara kadhaa, ndivyo inavyopaswa. Wiki nzima nikamsomea Hanus kwa lugha yetu. Alinisikiliza kwa adabu. Alinitazama mdomo. Akajaribu kurudia neno, likamkwama, akajaribu tena, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti, mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona analia hata siku ya kumzika mama yake. Nikafunga. Nikachukua Kitabu Kikubwa, nikasoma mstari mmoja, naye akaudaka na kuondoka nao, akapumua.

Usingizini siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, niliota nimeingia kitabuni. Ndani kulikuwa na malisho ya mlimani na ukungu, na sauti ya Hanus ilikuwa inatoka kila upande, kwa hiyo sikuweza kuifuata. Kurasa zilikuwa zimetandazwa chini kama nyasi za kukauka, nami nazigeuza kwa reki, moja moja, natafuta ulioandikwa jina langu. Yule mchungaji Mdenishi alikuwa ameketi chini ya mti wake. Nikamuuliza. Akavua kofia, akasema kwa huzuni kweli, "Humu hakuna Elspa, mama. Nisamehe. Sikukujua."

Niliamka shingo inauma na sweta limenidondoka miguuni.

Jumapili hizo kanisa halikuwa na msomaji. Sámal, mzee wa kanisa, alijaribu mara moja, akasoma kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na fahali, tukatoka hata maji ya kahawa hayajachemka. Akaja kwangu, kofia mkononi.

"Soma wewe, Elspa. Kitabu kiko kwako, na siku hizi unasoma kila jioni. Hanus atakaa benchi la mbele, ajisikie nyumbani."

"Mimi? Mimi ambaye nimelala humo tangu niolewe?"

"Basi utaamka," akasema.

Nikasoma. Jumapili ya kwanza niliogopa sana, ya pili kidogo, baada ya hapo nikazoea. Hanus alikaa mbele upande wa wanaume, macho amefumba, midomo yake ikinifuata neno kwa neno bila sauti. Nilipojikwaa nilimtazama midomo na kujua linalofuata. Kijiji kikarudi kuota. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwisho wa kiangazi.

Sasa, kila Jumapili ina habari yake, na habari hizo hazimwulizi mtu. Nilipofungua Kitabu Kikubwa kutazama ya wiki inayofuata, nikakuta ni Jumapili ya bubu. Yule mtu asiyesikia na ambaye ulimi wake ulikuwa mzito, waliyemleta kwa Bwana, naye akamtenga na watu, akamgusa masikio na ulimi, na ulimi ukafunguka.

Hanus alikuwa nje, amekaa kwenye ukuta wa mawe na fimbo yake. Nikasoma mahubiri yote peke yangu mezani, na mara hii sikulala. Katikati, kwenye ukurasa mmoja, yule Mdenishi ameacha kabisa kuhubiri. Anasema amejiuliza miaka mingi: neno la kwanza la mtu yule lilikuwa lipi? Injili haikuliandika. Wengine wanadhani alimsifu Mungu, na pengine ni kweli, wapendwa. Lakini mimi, anasema, mimi nadhani alikwenda nyumbani, akasimama mlangoni, na kumwita aliyekuwamo kwa jina lake.

Nilikifunga kitabu kwa kishindo mpaka paka akatoka mbio.

Jamani, nilikasirika. Sikumkasirikia Mdenishi, maskini, yeye hakunijua. Nilimkasirikia Mungu, na sikumficha. Nilimwambia palepale jikoni kwamba kama ni mzaha, haunichekeshi. Nilimwaza Hanus benchi la mbele, na mimi nimesimama namsomea ukurasa ule, na kijiji kizima kimeamka kwa mara ya kwanza na kugeuza shingo kumtazama kama atafunguka au hatafunguka! Na asipofunguka, wangenitazama mimi. Na mimi ningelia mbele ya watu, kitu ambacho mwanamke wa Hamravík hafanyi.

Nilimwendea Sámal. "Niruhusu nisome ya Jumapili nyingine."

"Kitabu kina Jumapili zake, Elspa."

"Mtu mmoja tu ndiye angejua."

"Huyo mmoja ndiye aliyetufundisha hivyo," akasema Sámal, akarudi kwa kondoo wake.

Basi nikakata shauri. Ukurasa ule nitauruka. Mahubiri yana sehemu nyingi, na watu wataamka penye amina kama kawaida, wataenda kunywa kahawa. Hanus je? Hanus anasoma kwa ndani, midomo tu. Ataona nimeruka, ataninyamazia. Amenyamaza tangu viazi vipandwe, na hiyo moja itapita pia.

Jumapili yenyewe ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia kengele na kanisa hatulioni. Tulitembea kuelekea sauti. Hanus alinishika mkono, na watu wengine walikuwa vivuli tu, wakitusalimu kutoka pande zote bila nyuso. Ndani, madirisha yalikuwa meupe kabisa. Lile kanisa dogo la mbao lilikuwa kama limeng'olewa na kuwekwa mahali pasipo na kijiji. Tuliimba, tukaketi, nikasimama mbele na Kitabu Kikubwa.

Nilisoma sehemu ya kwanza. Sauti yangu ilikuwa imeshajifunza ule mwendo wake, na nikaona vichwa vinainama kimoja kimoja, Malan wa kwanza, kidevu kimegusa kifua. Joto likaingia. Hata mimi nilihisi mguu mmoja uko kanisani na mwingine kule malishoni penye kurasa. Nikafika chini ya ukurasa, pale Bwana anapomshika bubu mkono na kumtoa katikati ya watu. Nikalowesha kidole. Nikashika karatasi mbili kwa pamoja, nikazigeuza kwa pamoja, nikaendelea na sehemu ya tatu, sauti ile ile, bila hata kupumua.

Fimbo ikagonga sakafu.

Nikaendelea. Nilisoma mstari mwingine, hata sijui ulisema nini. Fimbo ikagonga tena, kwa nguvu, mpaka taa za shaba zikatikisika kwenye minyororo yake. Vichwa vikainuka. Hanus alikuwa amesimama. Amesimama mwenyewe, uso mwekundu, mshipa wa shingo umemtoka, midomo inatafuta na kukosa na kutafuta, na nilijua hali ile, nilikuwa nimeiona wiki nzima ya vile vitabu vipya. Nikataka kumwambia, acha, mpenzi, kaa, basi, inatosha. Neno "mpenzi" sikuwahi kumwambia, na hata pale lilinikwama.

"Elspa!"

Lilishuka kanisa zima mpaka mlangoni, kama linavyoshuka mteremko kutoka kwenye banda la zana.

"Sijafa!" nikajibu.

Lilinitoka lenyewe, mbele ya madhabahu, na Kitabu Kikubwa mikononi. Hanus alinielekezea fimbo, jasho linamtiririka, na akasema kwa lugha yetu, ya jikoni, maneno aliyoyatoa moja moja kama mtu anayeng'oa mawe shambani:

"Umeruka. Ukurasa. Mwanamke wewe."

Kisha akaketi, amechoka kabisa.

Malan ndiye aliyeanza. Alilia kwa sauti kama mtoto, na huyu ndiye aliyekuwa amelala kuliko wote. Sámal alisimama, akakaa, akasimama tena, hajui kama sheria inamruhusu msomaji wa zamani kuongeza neno lake akiwa benchini. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya watu, sikuona tena herufi hata moja. Nilijifuta uso kwa mkono wa sweta. Nikalowesha kidole. Nikarudi nyuma, karatasi moja, na nikasoma ukurasa wote tangu juu, mpaka pale yule Mdenishi anapojiuliza neno la kwanza la bubu lilikuwa lipi.

Hakuna aliyelala siku hiyo. Walikuwa wakimtazama Hanus. Yeye alikuwa amefumba macho, midomo inafuata kitabu, ameridhika, mambo yamekaa sawa.

Mlangoni wote walitaka kumshika mkono. "Hanus, karibu tena! Sema kitu, Hanus!" Akawatazama, akatafuta, akatafuta, kisha akawaambia kwa Kidenishi waende kwa amani na wasikawie njiani. Nikaona nyuso zao zikianguka. Wangu haukuanguka. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, na chini yake paa za nyasi za kijiji zilikuwa zikitokea moja moja.

Jioni Mchungaji Mikkjal alipiga simu, maana habari kwetu huvuka maji haraka kuliko boti. Nikamsimulia yote, na nikamwambia kwamba nimeruka, ili asisikie kwa Malan.

"Na hayo maneno yake ya kwanza," akasema, "yalikuwa ya kukugombeza?"

"Mbele ya watu wote, Mchungaji."

"Na wewe umefurahi?"

"Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe," nikasema, na ilikuwa kweli.

Hanus hajapona. Wasije wakasema nimetia chumvi. Akitaka kahawa bado ananizungumzia kisima, na mimi bado ni wapendwa katika Bwana kuanzia asubuhi. Majira ya baridi yameingia, taa tunawasha mapema, na nyama iliyoning'inizwa bandani ikauke imeanza kunukia ile harufu yake. Baada ya chakula nakaa kwenye kiti chake, nafungua kifungo cha shaba, nasoma, na yeye kwenye kochi ananifuata kwa midomo, na mara nyingi ukungu ule unakuja tena na kunibembeleza nilale.

Silali. Nikifika mahali pazuri, nalowesha kidole, nashika karatasi mbili kwa pamoja, na kuzigeuza polepole, ili aone. Halafu naendelea kusoma, moyo unanidunda kama wa msichana, nikisubiri fimbo igonge sakafu.